Alama ya Mama

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nina mfupa wa ufunguo alikuwa mwenye nyumba wangu wa Gombani. Nilikuwa nimejikwaa na ndoo ya maji uani, nikaanguka kwa bega, na sasa nimekaa kizingitini nimeushika mtulinga wangu kwa mkono.

"Unaumwa wapi, Sista?"

"Hapa, Mzee."

Akapatazama pale kidole changu kilipogusa, macho yakamng'aa. "Huo Wajerumani wanauita Schlüsselbein. Schlüssel, ufunguo. Bein, zamani ilikuwa mfupa. Mfupa wa ufunguo! Hebu fikiri, kila mtu anatembea na ufunguo chini ya shingo na hajui mlango wake." Akalirudia lile neno polepole, akalifurahia, akaingia ndani. Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyekuja na mafuta ya moto kunikanda.

Mtaa mzima ulimwita Mkalimani, nami nilipomtaja kwa wengine nilimwita hivyo hivyo. Alikuwa amestaafu ualimu wa jiografia. Ujanani alipelekwa kusoma Ujerumani, ile iliyokuwa ya Mashariki, akarudi na lugha ambayo hapa kisiwani hakuwa na wa kuizungumza naye. Mimi ni muuguzi, nimezaliwa bara, Mkristo. Nililetwa Chake Chake kwa kazi nikapanga chumba cha uani kwake, nikakaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ukoo wake na alikozaliwa wapo wenye haki ya kuvieleza. Mimi naeleza nilichokiona.

Aliyachambua maneno kama watu wanavyochambua karafuu jamvini, kikonyo huku, karafuu huku. Ufizi ulikuwa nyama ya meno. Lile bapa la mfupa mgongoni lilikuwa jani la bega. Soksi ya mkononi, wanayovaa wenyewe wakati wa baridi, ilikuwa kiatu cha mkono, na hapo alicheka kila mara kama ndiyo kwanza analisikia. Akikutana na neno jipya alilibeba siku nzima. Bi Zuhura alisema: "Mume wangu ana wake wawili, mie na Kijerumani. Na zamu yangu haifiki."

Alikuwa na usemi wake: "Neno ni mgeni. Mkaribishe kwanza, atokako utamuuliza baadaye." Yeye mwenyewe hakuufuata. Aliuliza kwanza.

Alipiga pasi shati hata la kwenda sokoni. Alikasirika ukimwambia utakuja saa nne ukafika saa nne na nusu, lakini Bi Zuhura akimtuma nazi, chakula kingeliwa bila nazi. Kila mwaka alitia kabichi kwenye mtungi wa chumvi, akaifunika mpaka ikachacha, akaila peke yake uani kwa sababu watu wa nyumbani walimkatalia kuiingiza ndani. Mimi niliionja mara moja kwa heshima ya upangaji.

Jambo nililochelewa kulielewa ni hili: mtu huyu wa maneno aliogopa kusema. Kwa Kijerumani alitanua kifua, sauti ikatoka tumboni. Kwa Kiswahili, mbele ya watu, aliinamisha kichwa. Alipomwoza binti yake, mdogo wake ndiye aliyezungumza na wageni. Jirani wawili walipogombania mpaka wa kiwanja, naye ameuona mpaka huo ukipimwa, waliomwita ushahidi walimkuta amelala. "Mie sikuona vizuri siku ile," alisema kesho yake. Bi Zuhura alikuwa akipepeta mchele, akaukaza ungo.

Na alikuwa mkalimani mzuri, hilo nataka lijulikane. Wageni wa Kijerumani waliokuja kuuona msitu wa Ngezi au kukaa kwenye hoteli za kaskazini walimjua. Siku moja mgeni alikula kwa mtu, akasema kwa lugha yao kwamba pweza yule mgumu kama mpira wa gari. Mwenye nyumba akauliza, kasemaje? Mkalimani akajibu, "Anasema hajapata kula pweza kama huyu." Watu wote wakafurahi. Alijua kulainisha. Alijua neno likifika vipi linaponya na likifika vipi linauma. Ndiyo maana kilichotokea baadaye kilimuuma hivyo.

Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi ilipata wageni, madaktari wachache kutoka Ujerumani, wakae wiki moja wawaone watu bure. Miongoni mwao alikuwamo daktari wa ngozi, mwanamke mrefu mwenye mikono myekundu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante" na "pole". Mimi ndiye niliyemleta Mkalimani. Alikuja na shati la mikono mirefu, kofia ya kiua kichwani, na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Kwa siku mbili alifanya kazi bila kosa.

Siku ya tatu aliingia mwanamke kijana anaitwa Mwanaisha, amembeba bintiye Nasra ambaye hajatimiza mwaka. Nyuma yake aliingia mkwewe, Bi Siti, mama wa mumewe. Walikuwa wametoka Kiuyu alfajiri. Mtoto alikuwa mzima, mnene, mcheshi, lakini upande wa kushoto wa uso wake, tangu pembeni mwa jicho mpaka kwenye taya, ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

Nilipokuwa nikiandika jina la mtoto, Bi Siti aliniinamia.

"Muulizeni mwenyewe, Sista. Alipokuwa na mimba alikwenda kwenye mzambarau wa watu, akala za wizi, akajifuta mkono shavuni. Basi ndiyo hayo. Mungu hakuficha."

"Sikuiba," Mwanaisha alisema, sauti haivuki meza. "Niliokota chini."

"Ulijifuta hukujifuta?"

Mwanaisha aliiweka sawa kanga ya mtoto. Nadhani hata yeye hakukumbuka, na nadhani alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba alishaanza kukumbuka kwamba alijifuta.

Daktari alimgeuza mtoto uso kwenye mwanga wa dirisha. Akaibonyeza ile ngozi kwa kidole gumba, rangi ikapotea, akaachia, ikarudi. Akatabasamu. Akamgeukia Mkalimani akasema maneno mafupi, na ndani yake lilikuwamo moja, Muttermal.

Kiswahili kina neno la kitu hicho. Ni baka. Neno fupi, halina mama wala baba ndani yake. Angesema tu, "Daktari anasema ni baka, halina neno," tungemwita mgonjwa mwingine. Lakini chumba kilikuwa kimejaa, wauguzi wawili, mwanafunzi wa udaktari, mimi, na lile neno lilikuwa zuri. Niliona macho yake yanang'aa.

"Daktari anasema hii ni alama ya mama," alisema, ameinua kidole. "Ndivyo wanavyoiita wenyewe. Mutter, mama. Mal, alama. Alama ya mama!"

"Subhanallah!" Bi Siti alisimama. "Nshasema mie! Nshasema, mkaniona mbaya!"

Alitoka. Nje kwenye baraza ya hospitali watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu, wengine wa Kiuyu, wengine wa Wete na Micheweni, na sote tuliokuwamo ndani tulimsikia. "Nimemsikia Mjerumani kwa masikio yangu! Kasema mama! Mama ndiye aliyemtia mwana alama! Hospitali imesema!"

Ndani, daktari aliendelea kueleza, hajui kilichotokea. Alisema ni vishipa vya damu vilivyotanuka chini ya ngozi, mtoto huzaliwa navyo, hakuna aliyevisababisha, na akikua yapo matibabu ya kufifisha rangi. Mkalimani alimfasiria Mwanaisha yote, neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Mwanaisha aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Alikuwa akimsikiliza mkwewe dirishani.

Kisha alimfunika mtoto uso kwa pembe ya kanga, akatoka kupita katikati ya watu. Bi Siti alikuwa bado anasema. Mkalimani alimfuata Mwanaisha mpaka mlangoni, akasimama na mkono kwenye fremu, mdomo umefunguka. Daktari akamwita, alikuwapo mgonjwa mwingine. Akageuka, akarudi ndani.

Haukupita mwezi, Bi Zuhura akarudi kutoka msibani akiwa na habari. Tulikuwa uani, Mkalimani ananawa mikono ale.

"Yule mtoto wa kike wa Makangale aliyeolewa Kiuyu kaachwa. Yule mwenye mwana wa uso mwekundu."

"Kwa sababu gani?" aliuliza Mkalimani.

Bi Zuhura alimtazama, kisha akanitazama mimi, akishangaa nyuso zetu, kwa kuwa hakuwa na habari ya kilichotokea hospitalini. "Kwa alama ya mama. Kiuyu kote ndivyo wasemavyo. Ati Mjerumani kaandika."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye vidole vyake mpaka birika likaisha. Hakula. Aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilimsikia akizungumza na mkewe kwa muda mrefu, sauti moja tu, yake.

Tangu siku hiyo aibu ilimkaa kama maradhi. Msikitini aliacha safu ya mbele akaenda kuswali nyuma karibu na viatu. Kwenda sokoni alizunguka upande wa uwanja wa mpira asipite penye watu waliomjua. Wageni wa Kijerumani walipouliza habari zake aliwatuma watu wawaambie kwamba ameisahau lugha. Watu walikubali kwa sababu ya umri. Mtu akitaja kiungo cha mwili mbele yake, ufizi au bega, alinyamaza kama aliyetajiwa jina la marehemu. Bi Zuhura alisema, siku hiyo hacheki: "Mke mwenzangu kafa. Lakini mume hakunirudia."

Nilijaribu kumfariji. Nilimwambia kwamba Bi Siti alikuwa na lake moyoni tangu zamani, hata bila neno lile angepata jingine.

"Angepata," alisema. "Lakini alilopata ni langu."

Mwaka uliofuata wale madaktari walirudi. Alikataa kwenda kufasiri. Alikwenda kijana wa hoteli. Lakini jioni moja Mkalimani alivaa, akaniomba nimpeleke nyumba waliyofikia, kwa kuwa alikuwa na swali moja kwa yule mwanamke mrefu. Tulikaa varandani. Alimuuliza kwa Kijerumani, nami sikuelewa ila neno lile lile. Daktari alicheka kidogo, akainua mabega, akafikiri. Kisha akachukua simu akampigia mtu. Akazungumza, akasikiliza, akacheka tena, sasa kwa mshangao. Mkalimani alisikiliza bila kupepesa macho. Aliaga kwa adabu zote.

Njiani kurudi hakusema mpaka nilipomuuliza.

"Nimemuuliza, kwa nini ni alama ya mama, kwa nini si ya baba, kwa nini si ya kuzaliwa tu. Unajua kanijibu nini? Kasema hajapata kulifikiria. Analisema kila siku, Sista, kila siku ya kazi, na hajapata kumsikia mama ndani yake. Ndipo akampigia mamaake. Yule bibi ni wa kijijini, mkongwe. Akasema, aa, hayo ya zamani: walikuwa wakisema mwenye mimba akistuka, au akatamani kitu asikipate, kisha akajigusa, mtoto anatoka na alama pale pale alipojigusa mama. Matunda, moto, panya, chochote."

"Kumbe na wao," nilisema.

"Na wao. Neno hilo lilizaliwa na Bi Siti wa kwao." Alisimama njiani. "Lakini wao limeshawafia mdomoni. Wanalitamka na halimuumi mtu, hamna tena mama humo, hamna chochote, ni baka tu. Mie ndiye niliyelifufua. Nimelichukua maiti huko nikalifufulia hapa, mbele ya mkwe wa mtu."

Akaona amepata dawa. Hivi ndivyo alivyofikiri: akienda Kiuyu akaeleza asili ya neno, kwamba daktari hakumlaumu mama, kwamba neno lenyewe ni masalia ya imani ya watu wa kale wasiojua, basi Bi Siti ataelewa na mwanawe atamrejea mkewe. Aliniomba niende naye, mtu wa hospitali awepo. Nilikwenda.

Bi Siti alitupokea vizuri sana. Alitandika mkeka mpya, akaleta kahawa na halua. Faki, mwanawe, aliyekuwa mume wa Mwanaisha, alikaa pembeni, kijana mkimya mwenye vumbi la mawe kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kuchonga matofali ya mawe. Mkalimani alieleza. Alieleza kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa kama kawaida yake kwenye Kiswahili, akazunguka, akaomba radhi kati, akafika kwa yule bibi wa kijijini Ujerumani na alivyosema kwenye simu.

Bi Siti alisikiliza mpaka mwisho. Akakiweka chini kikombe.

"Kwa hivyo Wajerumani nao walijua," alisema.

"Siyo walijua, Bi Siti. Walidhani."

"Toka zamani. Hata kabla ya hospitali." Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia. "Ahsante, Mwalimu. Umetoka mbali kuja kunambia. Watu wa hapa hawaniamini mie mtu wa shamba."

Nilimtazama Mkalimani. Uso wake ulikuwa umepauka. Alifungua mdomo, nikajua kwamba sasa atasema, kwa sauti kubwa, kwamba si kweli. Akanywa kahawa.

Faki alitusindikiza mpaka barabarani. "Mzee," alisema, "usijitese. Mama alikuwa akitafuta la kusema tangu harusi."

"Na weye ulikuwa ukitafuta la kusikia?" aliuliza Mkalimani, kwa upole, akiangalia chini.

Faki alipangusa vumbi mikononi, ingawa mikono ilikuwa safi. Akarudi nyumbani kwao.

Mkalimani hakwenda Makangale kwa Mwanaisha. Kila Ramadhani ikikaribia, wakati watu wanapotafutana kuombana radhi, alisema mwaka huu ataenda. Bi Zuhura alimpigia pasi kanzu. Kanzu ilining'inia ukutani mpaka Idi. Alikuwa na sababu: mvua, miguu, gari. Mara moja alinambia ukweli. "Nitamwambia nini, Sista? Nikilieleza neno nalipa nguvu. Nisipolieleza nimekwenda kufanya nini?" Nilimwona akizeeka kwa jambo hilo. Na aibu yake iliniingia na mimi, kwa sababu nilikaa naye nyumba moja, na kwa sababu watu walioniuliza, yule mzee wako ana nini siku hizi, niliwajibu kwamba ni presha.

Nasra alikuwa darasa la pili wakati salamu zilipokuja. Hatukuzitarajia. Kaka yake Mwanaisha, Hamad, alikuja hospitalini, akanisubiri mpaka nimalize kazi, akasema: "Dada yangu anamtaka yule mzee mkalimani, Makangale, Ijumaa baada ya sala. Na weye Sista umlete, kwa sababu akiachwa peke yake hatofika."

Mkalimani alipoambiwa alikwenda kuichukua ile kanzu ukutani.

Tulikodi gari ya jirani. Njia yote mpaka Konde alikuwa akinong'ona, nikadhani anasoma dua, kumbe anapanga maneno ya kuomba radhi. Alikuwa ameyatunga kama hotuba. Baada ya Konde minazi ikaacha nafasi kwa mashamba ya muhogo, na mbele giza la msitu, na hapo akanyamaza.

Mwanaisha alitoka nje kutupokea. Alikuwa amenenepa kidogo, mtulivu, ana cherehani barazani na vipande vya kitambaa miguuni. Anashona sare za skuli za kijiji kizima. Nasra alikuwa nyuma ya mlango, akachungulia upande wa kulia wa uso tu.

"Karibuni. Kaeni, Mzee."

"Mwanangu," alianza Mkalimani, hata hajakaa sawasawa, "nimekuja kukuomba radhi. Lile neno, asili yake..."

"Lile neno si lako," alisema Mwanaisha. "La wenyewe Wajerumani."

Hotuba yake iliishia hapo. Hakuwa na nyingine.

"Mie sikukasirika kwa neno, Mzee. Wageni wana maneno yao. Lakini pale barazani, mkwe wangu alipokuwa akinitangaza mbele za watu, nilikutazama. Ulikuwa umesimama mlangoni. Nikasema moyoni, huyu kasoma, huyu kamsikia daktari, huyu atasema. Nikapunguza hata mwendo ili uwahi."

"Nilikuwa nikitafuta neno," alisema.

"La nini, Mzee? Kiswahili si ulikuwa nacho?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza jambo ambalo kweli limemshangaza kwa miaka. Hakunitazama mimi, nami niliyatazama majani ya muhogo ng'ambo ya njia. Mkalimani alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nacho," alisema mwishowe.

"Basi leo utakitumia." Mwanaisha akaanza kukunja vitambaa vyake. "Kuna mtu wa Konde amefiwa na mkewe, kaniposa. Mtu mwema. Watu wake wanakuja sasa hivi, na shangazi yake kashasikia yale ya Kiuyu. Kaka yangu atasema yake, lakini kaka ni kaka, atanitetea tu. Weye ndiye uliyekuwapo. Ukae pale. Ukiulizwa ujibu. Kijerumani usitie."

Walifika watu wanne, mbele shangazi, mwanamke wa makamo mwenye macho makali na adabu nyingi. Kulikuwa na salamu ndefu, kahawa, habari za mashamba, habari za wagonjwa. Hamad alisema yaliyompasa. Kisha shangazi akauweka sawa mtandio wake.

"Twataka kujua kitu kimoja, bila ya kuvunjiana heshima. Kile kilichomo usoni mwa mwana. Yasemwa kwamba mama ndiye sababu, na kwamba ilisemwa hospitali. Nasi kijana wetu anataka watoto."

Hamad alimtazama Mkalimani. Kikombe kilikuwa kimeinama mkononi mwa mzee wangu, kahawa inamwagika kwenye kanzu, nikaogopa kwamba atakunywa kama alivyokunywa Kiuyu. Akakiweka chini. Akainua kichwa.

"Aliyelisema neno hilo hospitali ni mie," alisema. "Na nililisema vibaya. Lile ni baka. Ni vishipa vya damu chini ya ngozi. Mama yake hakulitia, wala hakuna mtu aliyelitia. Daktari alisema hivyo siku ile ile, mie nimemsikia. Bi Siti alipokuwa akimtangaza nje nilijua kuwa si kweli, nikanyamaza kwa uoga. Mwenye kuona aibu ni mie. Bi Mwanaisha hana la kuonea aibu."

Sauti yake ilikuwa imetoka tumboni. Nyumba ya jirani mwanamke aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga.

Shangazi alimkazia macho kwa muda. Kisha akageuka mlangoni. "We mwana. Njoo hapa. Jina lako nani?"

Nasra alitoka, uso mzima. "Nasra."

"Nasra, nipe maji ya kunywa, nna kiu."

Mtoto akakimbia, akarudi na kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni, akakileta kwa mikono miwili. Shangazi alikipokea, akasema bismillahi, akanywa maji yote mpaka mwisho. Mwanaisha aliinamia vitambaa vyake, akaanza kukunja upya vile alivyokwisha kuvikunja.

Tuliondoka kabla ya magharibi. Mwanaisha alitufungia mihogo kwenye mfuko, akambusu mzee mkono, akanambia mimi, "Nisalimie Bi Zuhura." Nasra alilisindikiza gari mpaka njia kubwa, akirusha mkono.

Mkalimani alikaa mbele karibu na dereva. Nilidhani atafurahi, au atalia. Alikuwa akiitazama ile kahawa iliyomwagika kwenye kanzu, akiikwangua kwa ukucha.

"Sista," alisema.

"Naam, Mzee."

"Umeona ilivyokuwa nyepesi?"

"Nimeona."

"Nimekwenda mpaka kwa wazungu kuuliza. Nimekwenda Kiuyu. Nimemsumbua mama wa daktari wa watu. Miaka yote nikaona ni jambo zito, la kutafutiwa elimu." Aliacha kukwangua. "Na yule mtoto wa watu alikuwa akingoja tu mtu aseme..."

Nilingoja amalize. Dereva naye alipunguza mwendo kidogo, kama anayetaka kusikia. Mzee aligeuza uso dirishani, akauegemeza kiooni. Tukaingia Konde, tukaipita, taa za maduka zikaanza kuwaka, na alikuwa bado hajamaliza.